Kipima mvua cha shilingi 900 na tenti zangu za harusi

Mimi nakodisha tenti, viti na mikeka ya shughuli: harusi, khitma, maulidi, matanga. Ghala kubwa liko Kisauni, hapa Mombasa, jingine dogo liko Mtongwe, ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Nina miaka kumi na tisa katika kazi hii, na hasara niliyopata kwa mvua inashinda ya wezi na ya wateja wasiolipa zikijumlishwa pamoja. Turubai moja likichanika, faida ya miezi miwili imekwenda. Viti vya plastiki huvumilia maji, lakini mito na vitambaa havivumilii, na mama aliyerowa siku ya harusi ya mwanawe hasahau.

Novemba 2023 ndiyo iliyonichosha. Mwaka ule kulikuwa na El Niño, na juu yake maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalikuwa na joto kupita kawaida, na ya upande wa Indonesia yamepoa. Mambo hayo mawili yakikutana, vuli hugeuka gharika. Maji yaliingia ghala la Kisauni usiku, yakafika magotini. Kukicha nikaulizwa na mume wangu, "Imenyesha kiasi gani?" Nikasema, "Nyingi sana." Jibu hilo lilinikera siku nzima. Mvua ndiyo inayoamua kama nitakula ama sitakula, nami sina neno la kuipimia ila "nyingi" na "kidogo".

Februari iliyofuata nikanunua kipima mvua katika duka la pembejeo za kilimo karibu na soko la Kongowea, shilingi 900. Nimekitumia misimu miwili kamili ya mvua ya mwaka, yaani masika, na vuli zake, nacho ndicho ninachotaka kukieleza hapa, kwa sababu wenzangu wengi wa kazi hii, na wavuvi, na kina mama wanaoanika samaki na nguo, hawajui kwamba kitu hiki kipo na kinapatikana kwa bei ya kuku.

Ni chombo cha plastiki angavu chenye umbo la kabari: juu kipana, chini chembamba. Kinywa chake ni sentimita 6 kwa 5. Ubavuni kumechorwa mistari, upande mmoja milimita, upande wa pili inchi, na mwisho wake ni milimita 150. Ule wembamba wa chini una maana yake. Rasharasha ya milimita moja tu huonekana vizuri, kwa sababu maji machache hupanda juu katika nafasi ile ndogo. Kinakuja na kishikio cha kupigiliwa misumari kwenye nguzo. Hakina betri wala intaneti, wala hakuna cha kuharibika ndani yake.

Mahali pa kukiweka ndipo penye kazi. Mimi nilikosea mwanzo: nilikipigilia kwenye nguzo iliyo chini ya mwarobaini, na mti ukawa unakinyima maji mvua ikianza na kukidondoshea mengine mvua ikishapusa. Kinatakiwa uwanjani, mita moja na kitu kutoka ardhini, na kama kuna ukuta au mti wa mita tatu, kikae mbali nao mita sita. Juu ya paa usikiweke, maana huko upepo huyapeperusha matone yakapita juu ya kinywa. Halafu kuna kunguru. Anayeishi Mombasa anawajua. Walikuwa wanatua juu yake, wanakunywa, wanaacha uchafu. Nimezungushia nguzo waya mwembamba uliosimama wima kama miiba, tangu hapo wamekiacha.

Nasoma kila siku saa tatu asubuhi. Saa hiyo nimeichagua kwa sababu ndiyo vituo vya mvua vya Kenya husomea, kwa hiyo daftari langu na takwimu zao vinazungumza siku ileile. Baada ya kusoma namwaga, napangusa, narudisha. Ukichelewa hadi adhuhuri jua limeshakula sehemu ya maji, na ukiyaacha maji siku tatu utakuta vibuu vya mbu.

Milimita moja ya mvua maana yake ni lita moja ya maji juu ya kila mita mraba moja. Hilo tu. Nilipolielewa nikakaa chini na kalamu. Tenti yangu ya kawaida ni mita 6 kwa 12, yaani mita mraba 72. Ikinyesha milimita 40, tenti hiyo imeangukiwa na lita 2,880. Hiyo ni mitungi 144 ya lita 20, mikokoteni saba iliyojaa ya wale vijana wanaouza maji mitaani. Sasa turubai likiwa limelegea katikati, maji hayatiririki, yanatuama, turubai linaota tumbo, tumbo linavuta maji zaidi, na vyuma vinaanza kupinda. Zamani nilikuwa nawaambia vijana wangu, "Kazeni kamba, mvua inakuja," nao wanakaza wanavyojua wao. Siku hizi nawaonyesha hesabu ya mikokoteni saba juu ya vichwa vya watoto waliokaa mkekani. Wanakaza, na mmoja husimama na mti mrefu kusukuma tumbo kabla halijajaa.

Faida kubwa ya kifaa hiki, hata hivyo, niliiona katika daftari, baada ya miezi. Pembeni ya kila kipimo nilikuwa naandika mvua ilianza saa ngapi, ikapusa saa ngapi, na kama ilinguruma. Mwisho wa mwaka nikaona kwamba sisi hatuna mvua moja. Tuna mvua za tabia tofauti kabisa.

Ile ya Mei, kilele cha mvua ya mwaka, inakuja alfajiri. Saa kumi, saa kumi na moja, watu wakiwa bado wamelala, inaanza bila kupiga kelele, inanyesha kwa adabu hadi saa tatu au saa nne, halafu jua linatoka. Siku nyingi zimekuwa hivyo, na ipo sababu. Usiku nchi kavu inapoa kuliko bahari, na upepo wa bara, ambao wavuvi huuita umande, unateremka kuelekea majini. Huko unakutana na kusi, upepo wa msimu utokao kusini, inayokuja imebeba unyevu wa bahari nzima. Wakigongana, hewa haina pa kwenda ila juu, na wingu linafunga juu ya pwani. Wingu lenyewe mara nyingi ni fupi. Ngurumo inahitaji barafu: wingu lazima lipande kupita kama kilomita 5, mahali maji yanapoganda katika nchi zetu za joto, na chembe za barafu zigongane ndipo chaji za umeme zitengane. Wingu fupi la kusi linamwaga maji yake kabla ya kufika huko. Ndiyo maana Mei inaweza kukupa milimita nyingi kuliko mwezi wowote wa mwaka na usisikie radi hata moja.

Kwa biashara yangu ugunduzi huu ni fedha. Mteja akinijia na shughuli ya Mei, simwambii aiahirishe. Namwambia nikaha ya asubuhi aifanye msikitini na kina mama waanze baada ya alasiri, na mikeka naileta saa saba, siyo usiku wa kuamkia. Mikeka iliyorowa kwangu imepungua mno.

Mvua za tangambili, majira ambayo pepo za msimu zinabadilishana, ni jamaa wengine. Mwishoni mwa Machi na mwanzo wa Aprili kaskazi, upepo utokao kaskazini, imechoka na kusi haijashika, na tena kabla ya kaskazi kurudi mwezi wa Novemba. Pepo zikiwa dhaifu hivyo, joto la mchana linajikusanya bila kitu cha kulitawanya. Upepo wa bahari unaingia bara mchana kutwa, unapanda vilima vya Rabai na Shimba, na ifikapo magharibi unaona mawingu yamesimama upande wa Mariakani kama minara. Haya ndiyo yanayonguruma. Tukijilinganisha na wenzetu wa Kericho na Ziwa Victoria sisi tuna radi chache. Kule vilima na ziwa vinazalisha dhoruba karibu mwaka mzima, mchana milimani na usiku juu ya ziwa, na mashamba ya chai hupigwa na mvua ya mawe. Lakini chache hizi zetu zinatosha kuangusha tenti.

Nitaeleza usiku mmoja. Ilikuwa mwisho wa Machi, shughuli ya kupamba huko Bamburi, tenti tatu zimeunganishwa, kina mama kama mia mbili. Baada ya isha nikaona umeme ukimulika upande wa bara. Nikahesabu: tangu mwanga hadi ngurumo, sekunde 36. Sauti huenda kilomita moja kwa sekunde tatu hivi, kwa hiyo dhoruba ilikuwa kilomita 12. Robo saa baadaye sekunde zikawa 24, kilomita 8. Sheria niliyojiwekea, na ndiyo inayofundishwa na wataalamu wa usalama wa radi, ni kwamba ikishuka chini ya 30 watu waingie ndani, na wakae humo mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Ndani maana yake ni nyumba yenye kuta, au gari la chuma lililofungwa. Tenti si ndani. Tenti ni vyuma vilivyosimama uwanjani, na aliyekaa chini yake amekaa mahali pabaya sana.

Nikamwendea mama wa bibi harusi. Akaniambia, "Dada yangu, mvua ni rehema, waache watu wafurahi." Nikamwambia, "Mvua ni rehema, mama, sikatai, lakini radi ni radi. Nipe ruhusa tuwaingize ndani, na ikiwa hainyeshi, kodi ya leo sichukui." Tukawaingiza. Walibanana vyumbani, barazani, ngazini. Dakika kumi baadaye ukaja ule upepo wa baridi.

Upepo huo nataka kila mwenye tenti aujue. Mvua inapoanguka ndani ya wingu inaipoza hewa, hewa iliyopoa inakuwa nzito, inaporomoka hadi chini na kutapakaa pande zote mbele ya mvua yenyewe. Unausikia ghafla, una harufu ya udongo uliorowa, na una nguvu kuliko chochote kitakachofuata. Na haukomi hapo: unapopita unaiinua hewa ya joto iliyo mbele yake, nayo inapanda kuwa wingu jipya. Ndivyo dhoruba ya Mariakani inavyozaa nyingine Rabai na nyingine Bamburi, zikipokezana mpaka baharini. Tenti moja kati ya tatu iling'oka vigingi viwili na ukuta wake wa kitambaa ukafunguka wote. Vijana walikuwa wameshaushusha upande wa upepo, kwa hiyo haikupaa. Mtu hakuumia. Saa nne usiku kina mama walirudi uwanjani na ngoma ikaendelea hadi usiku wa manane.

Asubuhi, kipima mvua cha Kisauni kilisoma milimita 33. Cha Mtongwe, maana kufikia hapo nilikuwa nimeshanunua cha pili, kilikuwa kikavu kabisa, na chini yake kuna buibui. Sehemu mbili za jiji moja, usiku mmoja. Dhoruba ya radi ni kitu cha upana wa kilomita chache. Inaweza kukumwagia wewe na kumwacha aliye ng'ambo ya maji anatazama umeme tu.

Hapo ndipo nikaacha kuilaumu simu. Programu ya hali ya hewa iliyo kwenye simu yangu iliandika "Mombasa, mvua, asilimia 60" siku ile, na mimi kwa miaka nilikuwa nikiiona inasema uongo. Kumbe inatazama dunia kwa miraba mikubwa, ya kilomita kumi na zaidi, na Kisauni na Mtongwe kwake ni nukta moja. Simu inajua kwamba siku hiyo hewa ina unyevu na pepo zimelegea. Haiwezi kujua wingu litasimama juu ya uwanja wa nani. Kwa mambo makubwa, taarifa za Idara ya Hali ya Hewa nazisoma kila wiki na nazitegemea: Mei 2024 walitutangazia mapema upepo mkali na mawimbi kabla kimbunga Hidaya hakijaingia Tanzania kupitia kisiwa cha Mafia tarehe 4. Vimbunga havitufikii sisi tulio karibu hivi na ikweta ila kwa nadra sana, na bila tangazo lile mimi nisingeshusha tenti.

Jambo moja zaidi ambalo kipima mvua kimenifanya nilifikirie, ingawa halihusu biashara. Julai na Agosti kwetu kusi inavuma kwa nguvu, baridi ya kipupwe, na kwenye daftari naandika milimita 2, milimita 4, sifuri, sifuri. Unyevu wote ule uliobebwa unakwenda wapi? Unakwenda India. Kusi yetu inavuka ikweta hapa pwani, na kama kilomita moja na nusu juu yetu kuna mkondo wa upepo wa kasi uliopewa jina la Findlater, mtaalamu aliyeufanyia kazi miaka ya 1960. Ukishavuka, mzunguko wa dunia unaupindisha kulia, unapita Somalia, unakata Bahari ya Arabu na kugonga milima ya magharibi ya India. Kerala huupokea mwanzo wa Juni, na kufikia Julai nchi yao nzima iko ndani ya msimu wa mvua. Tarehe 26 Julai 2005, Mumbai ilipata milimita 944 kwa siku moja. Kipima mvua changu kingejaa mara sita na bado. Mombasa yetu mwaka mzima tunapata kama milimita 1,000 na kitu. Babu zetu waliojaza majahazi mikoko na pembe, wakangoja kusi iwapeleke, walikuwa wanapanda upepo uleule unaopeleka mvua. Nikiisoma sifuri ya Agosti siku hizi siioni kama sifuri tena.

Kasoro zake ni za kweli na mnunuzi azijue. Kubwa ni kwamba kinakuambia kiasi, hakikuambii kasi. Zile milimita 33 za Kisauni, usiku ule wa shughuli ya Bamburi, zilianguka kwa nusu saa. Mei nimepata milimita 33 kwa saa sita na turubai halikusikia. Usipoandika saa za kuanza na kupusa, umepoteza nusu ya habari. Upepo hakipimi kabisa, na kwa tenti upepo ndio muuaji. Kusi ikiwa kali mvua inakuja ya ubavuni, na kinywa kidogo kama hiki kinakamata pungufu. Jua la hapa linaila plastiki: cha kwanza kilianza kuwa cha manjano baada ya miezi minane, na mistari ya milimita ikafifia kabla ya mwaka. Nimeichora upya kwa kalamu ya wino usiofutika. Kishikio kilivunjika kwenye tundu la msumari, nikakifunga kwa waya. Ile ya kuweka inchi na milimita pamoja pia ni hatari kwa msaidizi. Kijana wangu wa Mtongwe aliniandikia "1" wiki nzima akisoma inchi, nami nikidhani kuna manyunyu tu. Inchi moja ni kama milimita 25. Nimezifunika inchi kwa tepu nyeusi.

Kuna vipima mvua vya kisasa vyenye kikombe kinachopinduka na kutuma namba kwenye simu. Rafiki yangu mwenye shamba Kikambala anacho. Kinaeleza kasi, hilo nakitamania, lakini bei yake inanunulia vya kwangu zaidi ya kumi, na betri yake ilikufa katikati ya Aprili, wakati anapokihitaji. Kwa mtu wa kazi kama yangu, mwenye maghala mawili na daftari, mimi nitaendelea na hiki cha kabari, kimoja kila ghala, na kila mwaka wa pili nanunua kipya.

Unapokwenda kununua, chukua sirinji ya mililita 10 kutoka duka la dawa. Kinywa cha sentimita 6 kwa 5 kina sentimita mraba 30, kwa hiyo mililita 30 za maji, yaani sirinji tatu, lazima zisome milimita 10 kamili. Kipimie palepale dukani, mbele ya muuzaji. Cha kwanza changu kilisoma 10. Kile cha Mtongwe, nilichonunua duka jingine, kilisoma karibu 12, mistari ilikuwa imepigwa chapa vibaya. Nikakirudisha, akatoa kingine, kikasoma 11. Akatoa cha tatu.